Kalamu ya Chuma na Kitabu cha Kumi na Moja

Tak.

Kifuniko cha kalamu ya chuma kilirudi mahali pake, na karani akasema njooni kesho. Msichana wa miaka minane aliyesimama chini ya kaunta, kidevu hakijafika ubaoni, hakuuona uso wa karani yule. Aliona mkono tu, na kalamu iliyong'aa kama kijiko kipya, na akaisikia ile tak. Mama yake alikuwa amekuja kuandikisha kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Kesho yake walirudi, wakapewa tak nyingine. Siku ya tatu saa ya ukutani ilikuwa haijafika hata saa nne asubuhi, foleni ilikuwa ya watu wawili, na karani alimtazama mjane yule kuanzia kitambaa cha kichwani hadi ndala, kisha akafunga kalamu.

Njiani kurudi mama alitangulia. Alitembea kama mtu mwenye ndoo ya maji kichwani, shingo imenyooka, hataki limwagike hata tone. Mtoto alikuwa akitimka nyuma yake na sauti ile masikioni.

Mtoto mwingine angeichukia kalamu. Huyu aliitamani. Alijiambia, kwa akili yake ya miaka minane, kwamba kitu chenye nguvu ya kumrudisha mama yake nyumbani siku tatu mfululizo si kitu cha kuachiwa watu kama yule.

Shuleni alikuta vita vingine, kwa kuwa alikuwa wa shoto. Mwalimu aliufunga mkono wake wa kushoto kwa kamba ya katani kwenye mguu wa dawati, ili ule wa kulia ujifunze adabu. Ukajifunza. Darasani aliandika kwa mkono wa kulia, herufi zimesimama wima kama askari waliokosa usingizi. Nyumbani aliandika kwa mkono wa kushoto, sakafuni, kwa kipande cha mkaa, na herufi zikalala ubavu zikapumzika. Siku ya mtihani wa mwisho alihamisha penseli kutoka kulia kwenda kushoto mbele ya macho ya msimamizi. Msimamizi akamsogelea. Msichana akainua uso, akamkazia macho, akaendelea kuandika huku akimtazama. Mstari ule, alikuja kusimulia baadaye, ulikwenda kombo hadi ukingoni mwa karatasi, lakini ulikuwa mstari wake.

Alipata kazi ya ukarani katika masijala ya viwanja akiwa na miaka ishirini na tatu. Ilikuwa masijala ile ile, kaunta ile ile, ubao umechakaa pale watu wanapoegemeza viwiko. Karani wa zamani alikuwa ameshastaafu na kalamu yake. Ofisi iligawa peni za plastiki, kila mtu moja kwa mwezi, na zilikuwa zikivuja mfukoni kabla mwezi haujafika nusu. Yeye alivumilia wiki tatu. Jumamosi ya nne, kwenye gunia la muuza vyuma chakavu, katikati ya vijiko vilivyopinda na mikasi isiyo na mwenza, akaona shingo ya kalamu ya chuma. Kifuniko kilikuwa na bonde kama kiliwahi kuumwa na mtu mwenye hasira. Nibu, ile ncha ya kuandikia, ilikuwa imepinda kama mdomo wa kuku.

Aliipeleka kwa fundi saa wa mtaa wa pili, kijana mwembamba aliyekuwa na lenzi jichoni na maneno mengi mdomoni. Fundi akasema yeye ni wa saa. Binti akaiweka kalamu mezani, akavuta kigoda cha wateja, akakaa.

"Saa ina meno, kalamu ina ulimi," akamwambia. "Lipi gumu hapo?"

"Ulimi ndio haunyooki, dada."

"Wa kwangu utaunyoosha wewe?"

Fundi akacheka hadi lenzi ikamdondoka. Kunyoosha nibu ile kulichukua wiki mbili, na kila siku ya wiki hizo mbili binti alipita kuuliza imefikia wapi. Miaka mingi baadaye, wakiwa wameshaoana na wameshalea, fundi alikiri kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya robo saa.

Hivyo ndivyo mkusanyiko ulivyoanza. Watu walipojua kuwa karani wa masijala anatafuta kalamu kuukuu za chuma, zilianza kumjia zenyewe. Mjane wa mwalimu alimletea ya shaba, imefungwa kwenye soksi. Mpiga picha mmoja alibadilishana naye ya chuma cheupe kwa barua nne alizomwandikia, barua za kuomba msamaha, na msamaha ukapatikana. Nyingine ilikuwa na jina la mtu asiyemjua limechongwa ubavuni, na hakulifuta. Alisema mwenye jina alifanya kazi nayo na yeye anafanya kazi nayo, basi ni wafanyakazi wenza. Za plastiki hakuzitaka kabisa, hata ziwe za kifahari namna gani. Plastiki ikianguka inapasuka, alisema. Chuma kikianguka kinapata kovu, kisha kinaendelea na kazi.

Zilifika arobaini na tatu. Alizipa majina. Palikuwa na Bwana Shaba, aliyekuwa mzito na mwenye madaha. Palikuwa na Bubu, isiyotoa neno mpaka uipashe joto kwapani. Palikuwa na Mtalaka, ambayo kifuniko chake hakikukubali kushikana na mwili wake kwa ufundi wowote wa mumewe. Ile ya kwanza, yenye bonde, aliiita Kovu. Hakuna hata moja iliyokaa kabatini kama pambo. Kila Jumapili asubuhi alizitandika mezani juu ya kitambaa, akazifungua sehemu kwa sehemu, akazisuuza kwa maji vuguvugu, kamwe si ya moto, kwa sababu maji ya moto huua kile kifuko cha mpira kinachobeba wino tumboni mwa kalamu. Beseni lilibadilika rangi, buluu, nyeusi, buluu tena. Mumewe alikaa upande wa pili na lenzi yake, akichunguza nibu moja baada ya nyingine, akilalamika.

"Wake za wenzangu wana vikombe kabatini."

"Vikombe vinaandika?"

"Angalau mgeni akija vinanyweka chai."

Mtaani walimwita Mama Wino, kwa kuwa kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto hakikuwahi kutakata. Alikwenda na kidole hicho arusini na msibani. Dada wa mumewe alimshauri akivalishe glavu. Akamjibu kuwa kidole cha mfanyakazi hakivai shela.

Kazini alikuwa na utaratibu wake, na ni huu uliomtia matatani. Kila kitabu cha viwanja kilikuwa na kalamu yake. Alipofungua kitabu kipya alichagua kalamu, na kalamu hiyo haikuandika katika kitabu kingine mpaka kurasa mia mbili zijae majina, vipimo na mipaka. Nibu ya chuma huisha taratibu kwa kusuguana na karatasi, inalala upande ambao mkono unalala. Kwa hiyo kalamu zake zote zililala kushoto, na kila moja ilikuwa na mwandiko wake, huu mnene, huu mwembamba, huu wenye mkia. Alijivunia hilo. Alimwambia yeyote aliyemsikiliza kwamba ukimfumba macho na kumfungulia kitabu chochote, akifumbuliwa atakwambia kimeandikwa na kalamu ipi. Katika miaka thelathini na tatu alijaza vitabu kumi na vinne. Na katika miaka hiyo yote hakuna mjane wala mgeni wala mlevi aliyeambiwa na Mama Wino arudi kesho wakati leo bado ipo.

Kisha kompyuta zikaja. Yaliyomo vitabuni yalinakiliwa kwenye mashine, na vitabu vikapelekwa chumba cha nyuma, viwe ushahidi tu endapo mtu atabisha. Vijana wa mashine walimtania kama kalamu zake zinatumia petroli au dizeli. Yeye aliwauliza umeme ukikatika huwa wanaandika na nini, na kwa kuwa ulikatika alasiri ile ile, hawakurudia. Mkuu wa masijala, mtu mpya, mwenye viatu vilivyolia sakafuni kabla hajafika, alimhamishia chumba cha nyuma pamoja na vitabu vyake. Alisema kwa kucheka mbele ya watu kwamba makumbusho yanahitaji mlinzi. Mama Wino alibeba kiti chake mwenyewe. Na kila asubuhi, ingawa hapakuwa na cha kuandika isipokuwa lebo za mafaili, alijaza kalamu mbili tatu wino.

Kosa lake alilifanya wiki ile ya kuhama, na alilifanya kwa mapenzi. Ndani ya jalada la kila kitabu palikuwa na kanuni zilizopigwa chapa, na ya tisa ilisema kwamba kitabu kikifungwa, karani apige mstari wa mshazari katika nafasi yote iliyobaki wazi, ukurasa kwa ukurasa, atie sahihi na tarehe. Kila kiwanja kilikuwa na ukurasa wake, na kurasa nyingi zilikuwa na nafasi chini, kwa ajili ya watoto watakaorithi na majirani watakaouziana. Mama Wino alijua kanuni ya tisa kama anavyojua njia ya kwake. Alikifungua kitabu cha kwanza, akaishika kalamu, akashindwa. Ilikuwa kama kuambiwa amfumbe macho mtu anayepumua. Akakifunga, akakirudisha rafuni, akasema nitapiga kesho. Miaka miwili ikapita.

Asubuhi moja ya Jumanne viatu vya mkuu vikalia hadi chumba cha nyuma. Aliingia, akafunga mlango, akamwita mama yangu. Hajawahi kumwita hivyo. Akasifia chumba kilivyo safi, akauliza hali ya fundi saa, akaulizia miguu yake kama bado inamsumbua, na Mama Wino, ambaye miguu haijawahi kumsumbua, alijua kwamba anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Akangoja chupa ifike.

Ilifika. Mkuu aliomba Kitabu cha Kumi na Moja, akafungua ukurasa wa themanini na nne. Kilikuwa kiwanja cha mama mmoja dobi, mjane, aliyefua mashuka ya nyumba za wageni na kuyaanika uani kwake, mistari mirefu myeupe ambayo Mama Wino aliiona kila asubuhi akienda kazini. Jina lake lilikuwa pale, limeandikwa na Mama Wino mwenyewe, kwa Kovu, zamani. Chini yake palikuwa na nafasi ya mistari minne. Mkuu aliweka kidole pale. Alieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Palihitajika sentensi moja tu, kwamba miaka tisa iliyopita mama huyu alikubali kumhamishia kiwanja mtu fulani. Mtu fulani huyo alikuwa shemeji wa mkuu. Sentensi ikishakuwa kitabuni, ingesemekana vijana wa mashine waliisahau wakati wa kunakili, na mashine ingerekebishwa. Lakini lazima iwe kwa mwandiko ule, wino ule na kalamu ile.

"Wewe mwenyewe umetuhubiria miaka yote, kila kitabu na kalamu yake," alisema, na akatabasamu. "Ni mstari mmoja, mama yangu. Mstari mmoja utamuumiza nani?"

"Mstari huo una mtu anaishi ndani yake, Mkuu."

Mkuu aliendelea kutabasamu, ila tabasamu halikuwa na mtu nyumbani. Alisema uzee una mambo. Alisema mama amebakiwa na miezi kumi na minne tu kabla ya kustaafu, na miezi kumi na minne inaweza kuwa mifupi au mirefu. Kisha akaiona Kovu mezani, akaichukua. Kwani kalamu si kalamu, akasema. Kama mama hataki kuchosha mkono, watu wenye mwandiko mzuri ni wengi. Akaijaribu kwenye bahasha, kwa mkono wake wa kulia. Nibu ikakwaruza kama ukucha juu ya bati, haikutoa kitu. Akakandamiza. Ikatema tone kubwa la buluu, na tone likaruka, likatua kwenye mkono wa shati lake.

Mama Wino akampa kitambaa.

"Usimlaumu," akamwambia. "Ameshazoea mkono mmoja."

Mkuu aliweka kalamu chini, akasema Ijumaa. Akatoka, na viatu vikalia hadi mwisho wa ukumbi.

Jioni ile alimweleza mumewe yote, kuanzia miguu isiyoumwa hadi shati lililochafuka. Fundi alikuwa amefungua saa ya mezani, vipande vimetawanyika mbele yake. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Alicheka penye shati. Kisha akaanza kuhesabu mambo ya nyumbani, na mumewe akihesabu, Mama Wino alijua, ni kwamba anaogopa. Fundi alitaja kiinua mgongo. Alitaja paa la upande wa jikoni. Alisema amekataa, inatosha, wengine hata kukataa hawakatai. Sasa akae kimya, achukue likizo ya ugonjwa, miguu hiyo aliyopewa na mkuu aitumie.

"Nikiwa likizo atampa mtu mwingine aandike," alisema Mama Wino. "Ataichukua Kovu, au ataiga. Atapata hata mtu wa shoto. Nafasi iko wazi."

"Hukuifungua wewe."

"Niliiacha wazi mimi, mume wangu. Miaka miwili. Kanuni ilinitaka niifunge, nikajiona najua kuliko kanuni. Nikasema vitabu vyangu bado vinapumua." Alikuwa akikitazama kidole chake cha kati. "Yule mama anaanika mashuka yake, hajui kama mlango wa nyumba yake nimeusahau wazi mimi."

Fundi aliokota gurudumu dogo la saa, akaligeuza kwenye mwanga, akalirudisha.

"Kwa hiyo unga tuumwage wenyewe, tusingoje kumwagiwa."

"Utanichukia?"

"Nimekaa na kalamu arobaini na tatu. Kama ni kuchukia, ningeshaanza." Akasogeza vipande vya saa pembeni, akatandika kitambaa. "Lete hizo za vitabu. Zote kumi na nne. Hutaki kukwama katikati ya ukurasa mbele za watu."

Kazi hiyo iliwachukua siku nzima ya Jumatano, fundi hakufungua duka na mkewe akatuma neno kazini kwamba ni miguu. Vifuko viwili vya mpira vilikuwa vimekauka, wakavibadilisha. Nibu ya Bubu ilikuwa imeziba, wakaizibua kwa waya mwembamba kuliko unywele. Kovu yenyewe fundi aliichunguza kwa muda mrefu kuliko zote, akaijaza wino kwa mkono wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaipangusa.

Alhamisi mkuu alikuwa na kikao mjini, na hilo Mama Wino alilijua kwa tarishi wa ofisi, mzee mwenzake mwenye matege na siri za kila mtu. Saa mbili kamili masijala ilipofunguliwa, alimwomba tarishi amsaidie kuvitoa vitabu vyote kumi na vinne chumba cha nyuma na kuvipanga mbele, kwenye kaunta, machoni pa foleni. Tarishi aliuliza kama wanahama. Alimjibu ndiyo, kwa namna fulani. Akaweka kalamu zake kumi na nne kwa safu, zimelala zote upande mmoja, na mwanga wa dirishani ukazipitia moja moja. Watu wa foleni walianza kunyoosha shingo. Dereva mmoja wa lori aliyekuja kufuatilia hati ya baba yake akauliza kama hizo ni za kuuza. Akaambiwa hapana, ni za kufungia.

Alifungua Kitabu cha Kumi na Moja kwanza, ukurasa wa kwanza. Alisoma kanuni ya tisa kwa sauti, ili asije mtu akasema ni wazimu. Kisha akashika Kovu kwa mkono wake wa kushoto, akapiga mstari wa mshazari katika nafasi tupu, akatia sahihi, akaweka tarehe. Akafunua ukurasa wa pili, akapiga tena.

Tarishi, ambaye hakuna kitu kilichompita, alimwinamia akamnong'oneza aende moja kwa moja themanini na nne, mambo yaishe. Mama Wino alikataa. Kuchagua ukurasa, alisema, ndiyo kazi ambayo mkuu alitaka kumpa. Yeye ataanza mwanzo kama karani. Tarishi akatikisa kichwa, akaenda kusimama mlangoni, akawa anatazama barabara.

Ukurasa wa kumi. Wa ishirini na tano. Kurasa nyingine zilikuwa zimejaa, akazifunua tu. Nyingine zilikuwa na nafasi kubwa, na mstari ukawa mrefu. Kila jina alilikumbuka. Huyu alikuja na mbuzi. Huyu alilia wino ulipoanza kutembea. Huyu alisaini kwa dole gumba, akaliangalia dole lake siku nzima. Alikuwa amedhani kufunga vitabu kutakuwa kama kuzika. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama kupita nyumba kwa nyumba jioni, kuhakikisha kila komeo limeshika.

Vijana wa mashine waliacha mashine. Mmoja alimuuliza kama anahitaji msaada. Akampa kazi ya kumfunulia kurasa, na kijana akanawa mikono kwanza, bila kuambiwa.

Kuna aliyempigia mkuu simu. Hakuna aliyewahi kukiri. Mama Wino alikuwa kwenye ukurasa wa sabini na sita viatu vilipolia mlangoni, na tarishi, aliyepaswa kukohoa, alikohoa akiwa amechelewa. Mkuu alisimama mbele ya kaunta, upande wa wateja, akahema. Akaagiza vitabu virudishwe. Mama Wino akapiga mstari, sabini na sita, sahihi, tarehe. Mkuu akasema vitabu ni mali ya ofisi. Mama Wino akasema ndiyo maana anavifunga kwa kanuni ya ofisi, akaligeuza jalada upande wake aisome.

"Kwani kanuni si yenu, Mkuu?" akauliza dereva wa lori, kwa upole kabisa.

Foleni ikacheka kidogo. Mkuu naye akacheka, maana hakuwa na la kufanya na uso wake. Angeweza kusema acha, lakini angeulizwa kwa nini, na kwa nini hiyo ilikuwa ukurasa wa themanini na nne. Akazunguka kaunta, akaja kusimama bega kwa bega na karani wake, kama bosi anayekagua kazi.

Sabini na tisa. Themanini.

Yaliyofuata baada ya siku ile yanajulikana na kila mtu katika masijala. Barua ya uhamisho ilimfikia Jumatatu, akapelekwa ghala la samani kuhesabu viti vibovu, na huko ndiko alikomalizia miezi yake kumi na minne, akiwa na kalamu mbili kifuani kila siku, akaandika orodha ya viti vibovu ambayo hakuna ofisi iliyowahi kuwa na nzuri kama ile. Vitabu kumi na viwili vilibaki bila kufungwa Alhamisi ile. Vijana wa mashine walivimalizia wenyewe wiki iliyofuata, kwa kanuni ya tisa, kwa peni za plastiki, na wakampelekea avikague. Mama dobi bado anaanika. Hakuna aliyemweleza, na Mama Wino hakutaka aelezwe. Mtu hapaswi kushukuru kwa sababu hakuibiwa.

Lakini saa tatu na nusu ile hayo yote yalikuwa hayajawa. Palikuwa na kaunta, na foleni, na mkuu aliyeinamisha kichwa karibu na sikio la mwanamke wa miaka karibu sitini. Alimwambia, kwa sauti ya chini na midomo inayotabasamu, kwamba anajua anachokifanya, na anajua atakachomfanya. Mama Wino alikuwa kwenye themanini na tatu. Alimaliza tarehe.

Kijana akafunua.

Mkuu akasema, "Ukurasa huo uache."

Mama Wino aliitazama nafasi ya mistari minne chini ya jina la mama dobi. Aliweka nibu pembeni kabisa, juu, pale ambapo hata neno moja lisingepata pa kuanzia, akaivuta hadi chini upande wa pili, bila haraka, mstari mnene wa buluu uliolala kushoto. Akatia sahihi. Akaandika siku, mwezi, mwaka. Mkuu akanyoosha mkono wake kukifunga kitabu kwa nguvu, na kiganja kikawa tayari juu ya karatasi, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye mstari.

Mama Wino hakuinua uso. Alisema taratibu sana, hata kijana aliyeshika ukurasa ilimbidi ainame kusikia:

"Ondoa mkono, Mkuu. Wino haujakauka."